Saa za Kununua

Wajukuu zangu mnaosomea urubani, mnaijua hali ilivyo. Kijana anarudi Dodoma na leseni ya biashara na saa 200 na ushee kwenye logibuku. Kila kampuni anayobisha hodi inamwambia aje akishafikisha 500, au 1,000. Hapo ndipo anapotokea mwenye karatasi nzuri: lipa dola elfu kadhaa, ukae kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ya abiria, ujaze saa zako. Baba anauza kiwanja cha Nala au Ihumwa, vile vilivyopanda bei tangu Serikali ihamie huku, ili mtoto akalipie kazi aliyostahili kulipwa.

Biashara hii haikuanzia kwetu. Ulaya na Asia ina miaka mingi.

Sisemi urubani uwe wa bure. Uende Soroti kule Uganda, uende Afrika Kusini, ada utalipa, na mwalimu anastahili chake. Lakini kulipa ili uwarushe abiria ambao nao wamelipa nauli ni habari nyingine. Kampuni inakula pande zote mbili, na pesa yako ikikatika kiti anapewa mwingine aliyekuja na bahasha. Mwisho hakuna anayeajiriwa pale, wewe ukiwemo.

Halafu kuna hesabu ambayo muuzaji haitaji. Ndege nyingi ndogo za kwetu, kama Cessna Caravan, zimethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Kama hakuna kanuni inayodai rubani wa pili, wewe uliyekaa kulia ni abiria mwenye mistari mabegani. Hata pale mamlaka ya nchi inapomdai msaidizi kwenye ndege ya aina hiyo, Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago kwa kawaida hakikuhesabii zaidi ya nusu ya saa hizo unapotafuta leseni ya juu. Umelipia 500, umepata 250. Na leseni ya juu, ile ya ukapteni wa ndege kubwa, inataka saa 1,500, na ndani yake ziwemo 100 za usiku na 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo. Sasa niambie, ukizunguka viwanja vya mbugani visivyo na taa, saa za usiku utazitoa wapi?

Wengine wakiliona hilo wanaona kalamu ni nafuu. Wanaandika safari ambazo hawakuruka. Wanasahau kwamba ndege nayo ina kitabu chake, mafuta yana risiti, na mnara una kumbukumbu zake. Na karatasi za uongo, za aina yoyote, haziumizi mwongo peke yake: mwaka 2020 waziri wa usafiri wa anga wa Pakistani alitangaza kwamba marubani 262 kati ya 860 wana leseni za kutiliwa shaka. Wapo waliosafishwa baadaye, lakini shirika lao la taifa lilikuwa limeshafungiwa anga ya Ulaya, na kifungo kile kilidumu zaidi ya miaka 4. Waliopita njia iliyonyooka walifungiwa pamoja na waliodanganya.

Msidhani nazitukuza saa. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Baada ya hapo Wamarekani walitunga sheria ya kumtaka hata rubani msaidizi wa shirika la ndege awe na saa 1,500. Lakini kapteni wa ndege ile alikuwa na zaidi ya 3,000, na msaidizi wake zaidi ya 2,000. Ndege ilipoonya kwamba inapoteza mwendo, kapteni aliuvuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Kitabu chake kilikuwa kimejaa.

Hapa kwetu Dodoma uwanja wa ndege uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Novemba, kabla mvua hazijashika, hewa ni moto na nyepesi, na ndege ndogo yenye matangi yaliyojaa inakwenda mbio ndefu kabla ya kukubali kuinuka. Anayekataa mizigo ya mheshimiwa aliyechelewa kikao, akaambulia matusi, ameruka saa moja yenye maana. Aliyelipia kiti hawezi kuikataa mizigo hiyo, maana yeye mwenyewe ni mteja.

Mwenye uwezo wa kufundisha asomee ualimu wa urubani: utalipwa kidogo, lakini saa ni zako, na makosa ya mwanafunzi yatakunoa kuliko kiti chochote cha kulia. Asiyeweza avumilie kazi za ofisi ya safari, apange mizigo na kujaza fomu, huku akifahamika kwa marubani.

Ukishindwa kabisa kuvumilia, basi kabla ya kutoa hata shilingi iandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga: saa hizi zitahesabiwa, na katika safu ipi? Subiri jibu la maandishi. Kisha mwombe muuzaji akuonyeshe bima ya ndege yake, uone kama jina lako limo miongoni mwa marubani.