Je, Mama Anayeuza Sigara Moja Moja Anatenda Dhambi?



Swali hili limefika kwa wazee wa kanisa zaidi ya mara moja. Mama Mkristo anaweka sigara mezani sokoni, pamoja na chumvi, sabuni na ndagala, naye anaziuza moja moja, hata kwa vijana. Je, anatenda dhambi? Wengine wanajibu kwamba dhambi ni ya mvutaji, kuuza ni biashara tu. Wengine wanasema serikali imekataza, basi maneno yamekwisha. Sisi tunaona majibu yote mawili ni mafupi mno. Tutafakari pamoja.

Kwanza tuijue sheria yenyewe. Sisi tuliopokelewa Uganda tunapaswa kutii sheria za nchi hii kama wenyeji wake. Sheria ya kudhibiti tumbaku ilitiwa sahihi mwaka 2015, ikaanza kazi mwaka 2016. Inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 21. Inakataza kufungua pakiti na kuuza moja moja. Shisha na sigara za umeme imezikataza kabisa. Pakiti nayo ni lazima ibebe onyo la maneno na picha, lenye kufunika asilimia 65 mbele na nyuma.

Tazameni sheria hii inamshika nani zaidi. Mtu mzima akivuta peke yake shambani mwake, haimfuati. Inamfuata yule mwenye kuuza. Kampuni ya British American Tobacco iliipinga mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakataa madai yake. Lakini Mkristo hatosheki na hukumu ya mahakama. Anatafuta sababu inayoweza kusimama mbele za Mungu. Basi tuyapime maneno matatu tunayosikia sokoni.

La kwanza: "Sikumlazimisha mtu. Amenunua kwa hiari yake." Ni kweli Mungu alimwumba mwanadamu na hiari. Lakini ndani ya tumbaku kuna nikotini, na kazi ya nikotini ni kuifunga hiari hiyo. Wavutaji wengi duniani walianza wakiwa vijana, na wengi wao leo wanatamani kuacha wasiweze. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta, walipumua tu moshi wa wengine. Tena pakiti nzima ina onyo na ina bei inayomfanya kijana afikiri mara mbili. Sigara moja haina onyo, na bei yake ni sarafu aliyotumwa nayo dukani. Anayeivunja pakiti ameondoa vizuizi vyote viwili, halafu anasema kijana amechagua mwenyewe.

La pili: "Nisipouza mimi, atauza jirani." Sisi tuliokimbia vita tuwe wa kwanza kulikataa neno hili. Kila mmoja wa wale waliopora vijiji vyetu angeweza kusema hivyo hivyo: nisipopora mimi, atapora mwenzangu. Kama neno hilo linatosha kumtoa mtu hatiani, basi hakuna mwenye hatia duniani. Mungu hatatuuliza habari za meza ya jirani. Atatuuliza habari za meza yetu.

La tatu ndilo zito: "Watoto wangu wana njaa." Hapa tuinamishe vichwa. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipangwa kwa makundi, na mwaka 2025 wakimbizi wengi hapa Uganda waliondolewa kabisa katika mgao. Mama huyu hajengi nyumba ya ghorofa kwa faida ya sigara. Ananunua unga wa jioni. Mithali sura ya 6 inafundisha kwamba watu hawamdharau aibaye kwa sababu ya njaa, hata hivyo akipatikana atalipa. Huruma haifuti deni. Unga wa mtoto wake ni haki yake, lakini usitoke katika mapafu ya mtoto wa mwingine.

Wengine watauliza: Tanzania na Kenya mpaka wa umri ni miaka 18. Je, kijana wa miaka 19 akivuka mpaka, dhambi inabadilika? Hapana. Serikali inachora mstari mahali fulani kwa sababu haina budi kuchora, na mstari huo unaweza kusogezwa. Deni la kumpenda jirani halisogei. Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za nyama ya sanamu, alijua kwamba ana ruhusa ya kula, lakini alikuwa tayari kuacha nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu. Hakungoja sheria imkataze.

Basi jibu letu ni hili. Kumwuzia kijana sigara ni kosa mbele ya serikali, na ni dhambi mbele za Mungu, kwa sababu ni kujipatia chakula kwa kumfunga mwingine. Lakini mwenye duka kubwa anayewapa akina mama pakiti za kuvunja, hali ana njia nyingine za kuishi, mzigo wake ni mkubwa kuliko wao.

Na kanisa nalo lina mzigo. Sheria inaweza kuondoa sigara mezani, lakini haiwezi kuweka sufuria motoni. Tukimkemea mama Jumapili na kumwacha na njaa Jumatatu, tumemfunga mzigo tusiougusa hata kwa kidole. Kwa hiyo tunaviomba vikundi vya likelemba vimpe zamu ya kwanza mama aliye tayari kuacha sigara, apate mtaji wa kuongeza ndagala, sabuni au vitunguu. Wanunuzi nasi tuanzie kwenye meza yake. Na ndugu anayevuta asifukuzwe ibadani. Amefungwa, naye anahitaji kushikwa mkono.

Bwana awape hekima na mkate wa kila siku. Amina.