Mbao Mpya Zilitoka Wapi?

Wanafalsafa wana meli yao. Ni meli ya Theseus, shujaa wa Wagiriki wa kale, na aliyetuachia habari zake ni Plutarch. Waathene waliitunza meli hiyo kama kumbukumbu. Ubao ukioza waliung'oa, wakaweka mpya mahali pake, mwaka hata mwaka, mpaka watu wa fikra wakaanza kubishana: hii ni meli ile ile au siyo? Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akauchochea moto. Akasema, tuchukulie yupo mtu aliyekuwa akiziokota zile mbao kuukuu, akazihifadhi, na mwisho akaziunga upya kwa mpangilio ule ule. Sasa meli ziko mbili. Ya Theseus ni ipi?

Ndugu msomaji, mjadala huu nimeusikia ukiendeshwa na watu ambao hawajapata kumsikia huyo Plutarch, mikono yao myeusi kwa oili, chini ya mkungu mmoja hapa Dar es Salaam. Tena waliuendesha vizuri kuliko vitabu, kwa sababu walikuwa na swali moja ambalo wasomi wa meli hawakulishughulikia. Nitalifikia.

Gari lililozua ubishi lilikuwa Corolla KE70, ile ya pembe pembe iliyoanza kutoka Japani mwaka 1979. Mali ya mwalimu mstaafu. Ilizaliwa na injini ya 4K, sisi 1,290, lakini sasa ilikuwa na 5K, sisi 1,486, iliyotolewa kwenye kipikapu. Hizi injini mbili ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana mafundi wanazipenda. Unatoa hii unaweka ile bila kuhangaika sana. Giaboksi nayo ilitoka kwingine. Milango miwili ya kushoto, kwingine. Boneti, taa, dashibodi, siti ya dereva, vyote vya kupandikiza. Kijana mmoja mwanafunzi wa ufundi akasimama, akajifuta mikono, akasema:

"Jamani, hii bado ni gari ya Mwalimu?"

"Kadi inasemaje?" akajibu mwenzake.

Na kweli, serikali imekwisha kulijibu swali la Theseus, tena bila kuandika kitabu. Kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chesisi. Injini ukibadilisha, unakwenda kutoa taarifa, namba inarekebishwa, gari linabaki lile lile. Chesisi ndiyo roho. Ila tazama kichekesho: gari dogo kama KE70 halina hata fremu ya chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Namba yenyewe imegongwa kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Kipande kisichozidi upana wa kiganja! Badilisha vyote vilivyobaki, kipande hicho kikiwepo, gari ni la Mwalimu. Kichomoe kipande hicho ukichomelee kwenye gari la wizi, basi… lakini hapo tumeingia kwenye jinai, siyo falsafa. Au ndiyo falsafa yenyewe? Sijui kwa nini watu wanadhani hivi ni vitu viwili.

Fundi mkuu, ambaye sote tunamwita Mzee, hakuvutiwa na ubishi huo hata kidogo. Alikuwa ameinama anakaza nati za silinda hedi. Akasema bila kugeuka:

"Nyie mnauliza hii gari ni ya nani. Mimi naulizaga hii spea ni ya nani. Mkikamatwa mtakumbuka swali langu."

Hilo ndilo swali nililosema. Waathene waling'oa mbao mbovu, wakaweka mbao mpya na imara. Zilitoka wapi? Habari ile haisemi, nadhani kwa sababu zilitoka msituni, na mti hauna kadi. Sisi mbao zetu zinatoka kwenye meli nyingine. Na meli nyingine ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na safari zake, na pengine ilizama na watu ndani.

Tusijifanye hatujui tulivyofika hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zikakauka. Wakati huo spea haikuwa kitu cha kununua, ilikuwa kitu cha kuombea. Mafundi wa rika la Mzee walichonga bushi kwa tairi kuukuu, na gari likifa lilikatwa vipande ili mengine matatu yaishi. Kuchinja, ndivyo wanavyosema mpaka leo. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao waingize bidhaa, na baadaye mitumba ya Japani na Dubai ilipofurika, ufundi ule haukufa. Ulipata soko. Nenda Gerezani leo uone injini zimepangwa chini kama samaki Feri. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, magari kwa mamia, mengine ya umri wa babu zetu, yanang'aa. Unadhani mangapi kati yao yalikuwa na viungo vyote vya kuzaliwa? Mimi ukiniuliza, hiyo siyo aibu. Nayaheshimu zaidi hivyo hivyo. Gari ambalo limeokolewa na magari saba lina historia kuliko lile lililofungiwa ndani ya turubai.

Kwa hiyo sipingi upandikizaji. Ninachotaka kujua ni masharti yake.

Chukua vioo vya pembeni. Tembea Dar, tembea Nairobi, tazama magari yaliyoegeshwa: vioo vimechorwa namba za usajili, taa zimechorwa, hata vioo vya madirisha. Mgeni anaweza kudhani ni urembo. Ni kilio. Jirani yangu mmoja aliamka asubuhi akakuta gari halina masikio. Akazunguka mitaa ya spea, akaonyeshwa vioo viwili vya aina ile ile, na kwenye kona kulikuwa na mkwaruzo, mtu ametumia msasa pale namba zilipokuwa. Alijua. Muuzaji alijua kwamba anajua. Wakapatana bei, akalipa, akarudi nyumbani na masikio yake mwenyewe. Wiki zile kila aliyesimuliwa alicheka, na yeye akacheka. Mimi sikuona kichekesho. Siyo kwamba namlaumu. Mtu afanyeje, aendeshe bila vioo? Lakini wengine wetu tunanunua vioo vya majirani wa watu wengine, halafu tunasema, "Sikuiba mimi, nimenunua dukani." Bei inasema. Kitu kikiuzwa robo ya thamani yake, ile robo tatu iliyobaki imelipwa na mtu fulani ambaye hakuulizwa.

Hakuulizwa. Hilo neno linanirudisha kwenye upandikizaji wa aina nyingine. Desemba 3, 1967, kule Cape Town, Dkt. Christiaan Barnard alichukua moyo wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25, akampandikiza Louis Washkansky, ambaye aliishi nao siku 18. Msichana alikuwa amegongwa na gari. (Gari limo katika kila habari ya karne ile, ukichunguza.) Baba yake aliombwa ruhusa akiwa bado na msiba mbichi, akakubali. Sasa, sijawahi kusikia mtu akihoji kama Washkansky aliamka akiwa Washkansky au akiwa Denise. Swali la Theseus halikuwasumbua watu sana. Kilichowasumbua madaktari, wanasheria na viongozi wa dini ni hiki: mwenye moyo alikuwa amekufa kweli? Nani amesema? Mwaka uliofuata kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikakaa kueleza kifo cha ubongo ni nini. Na kanuni moja iliyoshika mizizi katika tiba hiyo ni kwamba daktari anayetangaza kifo asiwe yule anayesubiri kupandikiza.

Soma kanuni hiyo mara ya pili, kisha nenda gereji. Nani hutangaza gari limekufa? Mara nyingi ni fundi. Na nani anaitaka giaboksi yake? Ee bwana wee.

Mwaka 2019 baba yangu alifariki, akaacha nyumba, madeni machache, na KE70 steshenwageni. Ilikaa uani miaka miwili. Kuku walitaga ndani. Siku moja akaja fundi, siyo yule Mzee, mwingine tu, akafungua boneti, akachungulia, akatikisa kichwa kama mganga. "Hii imekufa, mama. Mimi nitawapunguzia mzigo." Akataja bei. Kaka yangu mkubwa akataka tukubali palepale, na sababu zake hazikuwa za kipumbavu: ada za wadogo, ua umejaa, chuma kinaliwa na chumvi ya bahari kila siku tunayobishana. Mimi niliomba wiki moja. Nikamwita Mzee, nikamwambia wazi kwamba hatamuuzia mtu wala hatanunua hata nati; namlipa aje aseme tu. Akalala chini ya gari nusu saa nzima. Alipotoka alisema:

"Injini nzima. Giaboksi nzima. Difu nzima. Lakini bodi imeoza chini kote, ukikanyaga utaona barabara. Kuifufua inawezekana, gharama yake mtanunua gari mbili. Hii haijafa, imezeeka. Uamuzi ni wenu."

Haijafa, imezeeka. Maneno haya yalifanya jambo kuwa gumu zaidi, maana sasa tusingeweza kujificha nyuma ya kifo. Kama tungelichinja, tungelichinja tukijua. Nadhani hapo ndipo maadili huanza, pale unapokosa mtu wa kukuambia huna la kufanya.

Mama ndiye aliyeuliza swali la maana: viungo vinakwenda kwa nani? Nisimulie kidogo kuhusu mama na spea. Baba aliwahi kuleta siti ya mbele kutoka kwenye gari la ajali, siti nzuri kuliko ya kwetu. Mama akauliza aliyekaa humo yuko wapi. Baba hakujua. Mama akagoma kuikalia, akakaa siti ya nyuma miezi mingi kama abiria wa teksi, mpaka ikabadilishwa. Vijana wa gereji wakisikia habari hii hucheka na kusema chuma hakina mzimu. Sawa, hakina. Lakini mkanda uliokwisha kumshika mtu katika ajali umekwisha kazi yake, hautegemewi tena, na kwa macho unaonekana mzima. Gari lililoungwa nusu kwa nusu, mbele ya hili nyuma ya lile, likapigwa puti na rangi, linaonekana zima pia, na abiria anayepanda hajui kwamba amekalia mshono. Mama alikuwa hataki kukalia kitu ambacho hakuna anayejua habari zake. Sioni ushirikina hapo.

Basi tukatafuta. Akapatikana mtu wa Mbagala mwenye KE70 anayobebea mboga alfajiri, bodi safi, injini inakunywa oili kuliko petroli. Akachukua injini na giaboksi. Kijana mmoja alitutaka tumuuzie difu na milango, anajenga gari la mashindano, akaanza kutueleza habari za 4A-GE, ile injini ya AE86, jinsi litakavyopaa. Alikuwa na fedha kuliko mtu wa mboga. Kaka akanitazama. Milango tukampa, difu tukasubiri. Sina hoja ya kukata maneno kwa nini mboga zishinde mbio. Kijana naye alilipenda gari, pengine kuliko yule mwingine. Lakini kuna kiungo cha kuokoa na kuna kiungo cha kujipamba, na aliye na kimoja tu cha kutoa ana haki ya kuchagua. Difu ilikwenda kwa dereva wa Temeke wiki tatu baadaye, kwa bei pungufu, na kaka bado ananikumbusha.

Kisha akaja mtu wa mwisho. Msafi, mpole, shikamoo mama kwa heshima zote. Hakutaka kuona gari. Alitaka kadi, na kile kipande cha chuma chenye namba. Bei aliyotaja ilizidi injini, giaboksi, difu na milango ikijumlishwa. Hakueleza cha nini na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mahali fulani kulikuwa na gari zima, zuri, lisilo na jina.

Kaka, aliyekuwa anataka kuuza tangu siku ya kwanza, ndiye aliyesimama. Akasema chuma mtachukua, jina la mzee hapana. Yule mtu akaaga kwa adabu ile ile.

Tulikwenda TRA kufuta usajili, tukarudisha namba. Kile kipande Mzee alikikata kwa msumeno na kukipasua pasua mbele yetu, akatoza nauli tu. Bodi iliyobaki ilibebwa na watu wa skrepa, kwa kilo. Mtu wa mboga hupita barabara ya kwetu mara moja moja, na mama akiusikia mlio ule husema gari linahitaji kutazamwa plagi. Ya 4K kilichobaki nyumbani ni kabureta, maana yeye alikuwa na ya kwake nzuri. Ipo juu ya kabati la vyombo. Anayeihitaji aje, ila ajiandae kuulizwa ni ya gari gani.