Alipewa Nyundo, Wakauzwa Wanawe



Leo hebu tuingie kwenye karakana ya mhunzi. Iko Monticello, Virginia, Marekani, kwenye shamba la Thomas Jefferson. Ndiye yule aliyeandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, halafu katika maisha yake akamiliki watumwa zaidi ya 600.

Bila karakana hiyo, shamba lingesimama. Plau ikivunjika, farasi akihitaji kuvalishwa viatu vya chuma, wote mbio kwa mhunzi. Tangu mwaka 1807 aliyeisimamia ni mtumwa, Joseph Fossett. Mkewe Edith alikuwa mpishi mkuu wa nyumba ya bwana.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826. Wosia wake ulimpa Joseph uhuru baada ya mwaka mmoja, pamoja na zana zake za kazi. Edith na watoto hawakutajwa. Januari 1827 wakapigwa mnada ili madeni ya marehemu yalipwe. Peter, mwanawe wa miaka 11, alinunuliwa na mtu mwingine. Joseph alihangaika miaka na miaka kuikomboa familia yake.

Sasa nikuulize: huyo alikuwa bwana mwema? Wapo watakaosema ndiyo, si alimpa uhuru na zana? Mimi nasema hapana. Uhuru ulikuwa wa Joseph tangu tumboni mwa mama yake. Mungu ndiye aliyempa. Kumrudishia mtu kipande cha mali yake siyo ukarimu. Jefferson alimthamini fundi, ila baba wa watoto hakumwona.

Tusimnyooshee kidole yeye peke yake. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, mapadre wa Kanisa letu, waliuza watumwa 272. Kumbe mtu anaweza kusali kila siku na bado asimwone jirani yake.

Na sisi je? Dada wa kazi pale nyumbani tunamsifia chapati zake. Sawa, lakini mshahara wake umelipwa? Unajua ana watoto wangapi, na mara ya mwisho aliwaona lini? Mtakatifu Yohane Paulo II alitufundisha katika Laborem Exercens (1981) kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu.

Wiki hii, muulize mmoja anayekuhudumia habari za nyumbani kwake, kisha umsikilize. Kama kuna deni lake, lilipwe.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.