Mcheza Kwao na Mgema: Suala la Haki katika Uhakiki wa Filamu na Televisheni

Kiswahili kina methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kupingana juu ya kazi ya sifa. Ya kwanza husema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Ya pili huonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya kwanza yaelekea kumwamuru mtazamaji amtuze msanii wa nyumbani. Ya pili yamtahadharisha kuwa tuzo hiyo hiyo yaweza kuiharibu kazi anayoipenda. Makala hii inakusudia kulichunguza pingamizi hilo kwa kurejelea filamu na vipindi vya televisheni vinavyotazamwa katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, yaani Eastlands, pamoja na uhakiki unaoviandama. Swali lenyewe ni la kimaadili kabla ya kuwa la kisanaa: je, ni haki kuisifu kazi dhaifu kwa sababu tu ni ya nyumbani?

Malalamiko juu ya udhaifu wa kazi hizi si mageni. Husemwa kuwa wahusika hawakui, kwamba msuko wa matukio hutegemea sadfa, kwamba ucheshi hutegemea lafudhi za makabila. Kinachokosekana ni uhakiki wa kuyapa malalamiko hayo hoja. Kurasa za burudani hueleza nani ameigiza, nani alihudhuria uzinduzi na ni tuzo gani zimepatikana. Ni nadra kueleza kwa nini onyesho fulani limefaulu na jingine limeporomoka. Na pale hukumu inapokaribia kutolewa, hukatizwa na wito wa kuunga mkono kazi za nyumbani. Wito huo una uzalendo ndani yake, lakini uzalendo na uhakiki ni vitu viwili.

Ili kuelewa uzito wa suala hili, ni muhimu kwanza kuitazama hadhira yenyewe. Mitaa ya Eastlands haikujengwa kwa wakati mmoja wala kwa ajili ya tabaka moja. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Buruburu na Dandora zilichipuka katika miaka ya 1970, moja kwa ajili ya tabaka la kati lililokuwa likiinuka, nyingine kwa ajili ya watu wa kipato cha chini waliogawiwa viwanja na huduma za msingi. Watu wa makabila mengi walikaa ukuta kwa ukuta, na kutokana na ujirani huo Sheng ikapata makao. Hadhira iliyokulia katika mazingira hayo ina sikio kali. Hutambua upesi mhusika anayesema maneno ambayo hakuna mtu wa mtaani angeyasema, na hutambua pia mwandishi aliyeutazama mtaa kutoka dirishani mwa gari.

Hadhira hii ilifikiwa na filamu kwa njia zake. Majumba makubwa ya sinema yalikuwa katikati ya jiji, mbali kwa nauli na kwa kiingilio. Mitaani yalikuja magari ya sinema yaliyoonyesha filamu uwanjani bila malipo, huku biashara fulani ikipata nafasi ya kuisifu sabuni yake. Baadaye, video ilipoenea, vikazuka vibanda vyenye mabenchi, televisheni moja na pazia zito mlangoni, ambamo kwa shilingi chache mtoto wa Dandora au Kayole aliweza kukutana na filamu za Hong Kong, Bombay na Marekani. Humo ndimo wengi walipojifunza kuwa stelingi hafi, na humo humo wakajifunza kulicheka jambo hilo.

Kabla ya vibanda hivyo, walikuwapo watu waliojitwalia mamlaka ya kuamua Mwafrika aweza kutazama nini. Kati ya 1935 na 1937, mradi uliofadhiliwa na shirika la Carnegie, ukiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kutoka kituo cha Vugiri huko Tanganyika, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, ambacho mtaalamu wake mkuu, William Sellers, alishikilia kuwa hadhira ya Kiafrika ilihitaji filamu za namna ya pekee: picha zisizobadilika haraka, hadithi isiyoruka wakati, kamera isiyofanya hila. Kando ya pazia aliwekwa mfasiri wa kueleza kinachoonekana. Nadharia hiyo ilijitangaza kuwa ni huruma. Ilidai kumhurumia mtazamaji ambaye, kwa mujibu wake, hangeweza kufuatilia sanaa kamili, na kwa hiyo ikampa sanaa pungufu.

Nadharia ya Sellers ilikwisha kukataliwa na wataalamu, lakini dhana iliyo ndani yake haikuzikwa nayo. Mhakiki wa leo anaposema kuwa kipindi fulani ni dhaifu lakini watu wa mtaani wanakifurahia, na kwa hiyo kisiguswe, anarudia hukumu ile ile kwa lugha ya kirafiki. Anamaanisha kuwa watu hao wanatosheka na kisichomtosha yeye. Bila shaka nia yake ni tofauti na ya mkoloni, kwani yeye anataka kulinda na mkoloni alitaka kutawala. Hata hivyo, mtazamaji anayelindwa dhidi ya ukweli hujikuta mahali pale pale alipowekwa zamani, yaani katika kundi la wasioweza kudai bora zaidi. Hapa ndipo sifa ya huruma inapogeuka kuwa dharau. Dharau hiyo humwelekea mtazamaji kabla ya msanii.

Mifano miwili yatosha kulifafanua jambo hili. Kipindi cha Papa Shirandula, kilichoanza kurushwa na Citizen TV mwaka 2007 na kudumu kwa zaidi ya mwongo mmoja, kilimweka katikati ya hadithi mlinzi anayemficha mkewe aina ya kazi anayoifanya. Wazo hilo lina uzito mkubwa. Katika mitaa ambako maelfu huondoka alfajiri kwenda kufanya kazi wasizopenda kuzitaja, aibu ya kazi ni mada ambayo tamthilia nzito ingeweza kusimama juu yake. Uigizaji wa Charles Bukeko mara nyingi uliigusa aibu hiyo kwa ustadi. Swali ambalo uhakiki ulipaswa kuliuliza ni hili: je, kipindi kiliikuza mada hiyo, au kiliitumia kama kigingi cha kutundikia vichekesho vya lafudhi? Yule aliyekisifu kwa kuwa kinachekesha, na yule aliyekibeza kwa sababu hiyo hiyo, wote wawili waliliruka swali hilo.

Mfano wa pili ni filamu ya Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Sifa iliyorudiwa sana ni kwamba ilikuwa filamu ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni. Hilo ni la kujivunia, lakini ni habari tu juu ya safari ya filamu. Filamu yenyewe yastahili zaidi. Mhusika wake mkuu, Mwas, ni kijana wa kijijini auzaye filamu za kigeni na kuwaigizia wanunuzi yaliyomo, kisha anafika Nairobi akitaka kuwa mwigizaji na kuangukia katika genge la wezi. Kwa hiyo filamu hii yazungumza pia juu ya utazamaji: juu ya kijana aliyefundishwa ushujaa na picha za wengine, akautafuta katika jiji lisilo na nafasi ya shujaa. Usawiri huo wa Mwas una kina. Kwa upande mwingine, Amina, mhusika mkuu wa kike, huonekana zaidi kupitia matamanio ya wanaume wanaomzunguka kuliko kupitia yake mwenyewe. Kusema hivyo si kuibomoa filamu. Ni kuichukulia kuwa kazi ya mtu mzima, iwezayo kuulizwa maswali ya mtu mzima.

Ikiwa uhakiki wa maandishi umelegea, yupo mhakiki mwingine ambaye Eastlands haikumsubiri chuo kikuu kimtawaze. Huyu ni msimulizi wa filamu, ambaye kwa Kenya jina lake mashuhuri ni DJ Afro. Yeye huiweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni, akawapa wahusika majina na nia, akafasiri mazungumzo kwa Kiswahili na Sheng, akakejeli yasiyoaminika. Desturi hii haiko Nairobi peke yake: Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kampala ina wasimulizi wake waitwao VJ. Kwa nje anafanana na mfasiri wa gari la sinema la kikoloni, ila mwelekeo wake umegeuka. Mfasiri yule alisema kwa niaba ya pazia, huyu husema kwa niaba ya benchi. Adui anapopiga risasi thelathini zisimpate yeyote, msimulizi hulitangaza jambo ambalo kila mtu amekwisha kuliona. Ana sifa ambazo mhakiki wa gazeti amezipoteza: husema filamu ikiwa bado inaonekana, husema kwa lugha ya watazamaji, nao wanaposikiliza kibandani waweza kumpinga papo hapo.

Hata hivyo, haifai kumpamba msimulizi kupita kiasi. Uhodari wake ni wa kuifanya filamu mbaya itazamike. Hulichukua tembo lililotiwa maji akalichanganya na utamu wake mpaka likanyweka, na mnywaji akaondoka ameridhika bila kumdai mgema chochote. Aidha, yeye hafungwi na uaminifu kwa kazi iliyo mbele yake; mazungumzo mazito hugeuzwa mzaha kama mzaha ndio unaohitajika. Kejeli yake ni mwanzo wa hukumu tu, kwa sababu inaonyesha kasoro ilipo bila kuuliza kasoro hiyo ilitokana na nini, wala filamu ingekuwaje pasipo kasoro hiyo. Kazi hiyo ya pili yabaki kwa mhakiki, naye hawezi kuikwepa kwa kusema kuwa umma una mahakimu wake.

Upo upinzani mmoja ambao lazima ujibiwe kwa heshima. Husemwa kuwa mtengenezaji filamu wa Nairobi hufanya kazi kwa fedha kidogo na vifaa vya kukodi, na kwamba kumpima kwa mizani ya Hollywood ni kumwonea. Hoja hii ina ukweli, lakini huchanganya udhuru na sifa. Udhuru husema: kasoro ipo, na sababu yake ni hii. Sifa ya uongo husema: kasoro haipo. Udhuru huheshimu ukweli, na waweza hata kumsaidia msanii kwa kuwaonyesha wenye fedha mahali zinapohitajika. Tena umaskini wa vifaa haueleti kila kasoro. Filamu ya Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa na Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo mno, ilijumuisha sauti ya VJ Emmie, ikaugeuza usimulizi wa vibandani kuwa sehemu ya fani yake. Mtazamaji wa ng'ambo anayeicheka kwa sababu ya moshi na damu za bandia amekiona kisichokuwapo. Mhakiki anayeona jinsi msimulizi alivyoingizwa ndani ya kazi amekiona kilichopo. Uhaba wa fedha hauizuii akili ya msanii, na uhakiki usioitafuta akili hiyo humdhulumu hata unapompigia makofi.

Historia ya uhakiki katika Afrika Mashariki inaonyesha kuwa kuudhika kwaweza kuwa namna ya heshima. Mwaka 1965 Taban lo Liyong alilalamika hadharani juu ya ukame wa fasihi katika eneo hili. Lalamiko lake liliwakera wengi, na lilikuwa na chumvi. Lakini ndani yake mlikuwa na dhana kwamba eneo hili lina uwezo wa kutoa fasihi kubwa, kwani hakuna amlaumuye mtu kwa kukosa kile asichoweza kukipata. Mwenye kuliudhikia onyesho baya amekwisha kukiri kuwa msanii angeweza kulifanya vizuri na kuwa mtazamaji angelielewa.

Kwa mtazamo huo, methali mbili zilizotajwa hapo mwanzo haziwezi tena kuhesabiwa kuwa zinapingana. Mcheza kwao hutunzwa na nani? Hutunzwa na watu walioizunguka ngoma, wanaozijua hatua zake, na wanaofahamu kosa liko wapi guu linapokosea. Mtunzaji huingia uwanjani mbele ya wote na kumpa mchezaji tuzo yake mkononi. Anayecheza vibaya huachwa acheze bila kutunzwa, na kila mtu akaelewa. Mchezaji wa ugenini aweza kupokea makofi ya adabu kutoka kwa wasioijua ngoma yake. Wa nyumbani hupata kitu cha thamani zaidi, nacho ni macho ya wajuzi. Hivyo basi methali ya kwanza haiamuru sifa. Yataja tu mahali ambapo sifa huwa na maana, na ya pili huonyesha kinachotokea sifa inapotolewa na wasioonja.

Wajibu wa mhakiki wa filamu na televisheni unafuata kutokana na hayo. Anawiwa na msanii utazamaji makini kabla ya hukumu, na hukumu iliyo wazi baada ya utazamaji huo. Anawiwa na mtazamaji wa Kaloleni au Umoja jambo moja zaidi: asimfanye sababu ya kunyamaza. Mtazamaji huyo amezoea kuijadili filamu njiani akirudi nyumbani, na katika mjadala huo hakuna amwambiaye mwenzake kuwa onyesho bovu lilikuwa zuri kwa sababu lilipigwa Nairobi. Uhakiki wa kitaaluma hauna haki ya kusema kwa ulegevu kuliko mazungumzo hayo.