Je, Adui wa Mke Wangu ni Adui Wangu?



Liko swali ambalo ni nadra kulisikia katika mafundisho ya ndoa, lakini ndilo linalovunja jumuiya zetu nyingi. Mke amekosana na mwanamke mwenzake kanisani. Je, mumewe anapaswa kumkasirikia mwanamke huyo na nyumba yake yote? Au mume amegombana na mwenyekiti wa jumuiya. Je, mke aache kwenda kwenye sala za wiki kwa ajili ya kumheshimu mumewe? Wengi wetu hujibu upesi: naam, kwa kuwa wawili hawa ni mwili mmoja, anayemgusa mmoja amewagusa wote wawili. Jibu hilo lina utamu wake. Hata hivyo naliona lina kasoro kubwa.

Chukua mfano huu, ambao ni wa kawaida sana. Jumuiya inamchangia mgonjwa aliyelazwa. Kila mmoja anatakiwa kutoa shilingi 200. Yanasomwa majina 30, lakini mweka hazina anakabidhi shilingi 4,600 badala ya 6,000. Mama mmoja anamnong'onezea mwenzake wakati wa chai, "Hizo nyingine zimeenda wapi?" Kufikia Jumapili neno hilo limekwisha kuwa wizi. (Tunao msemo wetu kwamba lisemwalo lipo. Mimi naona msemo huo umewatia hatiani watu wema wengi bila kesi.) Baadaye daftari linafunguliwa tena, na inaonekana kwamba watu 7 walitoa ahadi tu, hawajalipa hata leo. Mara saba shilingi 200 ni 1,400. Hakuna hata senti iliyopotea.

Mweka hazina na yule aliyemsema wanakutana kwenye foleni ya maji. Mmoja anaomba msamaha, mwingine analia kidogo, kisha wanatwikana mitungi na kwenda nyumbani njia moja. Kwao yamekwisha. Lakini waume zao, waliokuwa wakiazimana jembe na kusaidiana wakati wa mavuno, hawasalimiani mwaka mzima. Watoto wamekatazwa kwenda kucheza katika boma lile. Mtoto wa mmoja alikuwa asimamiwe na mwingine katika ubatizo, sasa ametafutwa msimamizi mwingine. Ni kwa nini ugomvi ufe kwa wenyewe, uendelee kuishi kwa waliourithi?

Nafikiri sababu ni hii. Kusamehe ni kama kufuta deni, na anayeweza kulifuta ni yule anayelidai. Mke alitukanwa, kwa hiyo mke ana kitu mkononi cha kusamehe. Mume hakuambiwa neno lolote. Hakuna atakayekuja kumwomba msamaha, maana hakuna aliyemkosea. Hasira yake haina mlango wa kutokea, basi inakaa ndani na kuoza. Anaiita uaminifu kwa mke wake, na kwa sababu ameipa jina zuri hivyo, hata kuungama hakumbuki kuiungama.

Hapa Kenya tuliyaona matunda ya chuki ya kurithi kwa ukubwa wa kutisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na wengi walioshika panga hawakuwa wamekosewa lolote na jirani waliyemfukuza. Waliosali pamoja Jumapili moja walikimbiana Jumapili iliyofuata. Watu waliooana kutoka makabila mawili walijua wakati huo maana ya kuambiwa uchague upande. Simaanishi kwamba ugomvi wa shilingi 1,400 ni sawa na mambo hayo. Nasema tu kwamba somo la kumchukia mtu kwa niaba ya mwingine, mtoto huanza kulisoma nyumbani, siku anapokatazwa kwenda kucheza boma la pili.

Turudi kwenye ule mwili mmoja. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuonyesha mume na mke walioungana kabisa, nao ni Anania na Safira. Waliuza kiwanja pamoja, wakaficha sehemu ya fedha pamoja, na uongo wakaupanga pamoja. Kwa umoja wa nyumba hawakuwa na upungufu! Lakini angalia jinsi Petro alivyofanya. Hakumhesabia mke kosa la mume wake aliyekwisha kufa. Safira alipoingia, saa tatu baadaye, Petro alimwuliza yeye mwenyewe juu ya bei ya kiwanja. Alipewa nafasi yake ya kusema kweli, akachagua kurudia maneno ya mumewe. Kumbe ndoa haikuondoa dhamiri yake. Mbele ya Mungu kila mmoja huulizwa peke yake, na kusema kwamba mwenzangu ndivyo alivyotaka si jibu.

Sasa nisikie mke mmoja akinijibu, naye ana haki: "Katekista, mimi nimetukanwa mbele ya akina mama wenzangu, na mume wangu anaonekana akicheka na mume wa yule aliyenitukana. Je, huo ndio Ukristo?" Hapana, mama. Huo ni ukatili. Mume anayekwenda kupatana na watu wa nje kabla hajamsikiliza mke wake ndani, amepanda ngazi kutoka juu. Mke hawezi kuacha kinyongo kilicho mzigo wake peke yake. Kwanza keti naye, mwache aseme mpaka amalize, na wala usianze kumtetea yule mwingine katikati ya maneno yake. Mwambie wazi kwamba alionewa, ikiwa alionewa. Kushiriki maumivu ya mwenzako ni wajibu wako wa ndoa. Lakini kushiriki chuki yake hukukuahidi siku ile mbele ya padre, wala yeye hakukuomba.

Baada ya kumsikiliza, muulize jambo moja kwa upole: "Wewe mwenyewe ulisikia nini kwa masikio yako, na ni nini uliletewa?" Siku hizi habari hupita kwenye simu na kufika kijiji cha tatu kabla ya chai kupoa, na nusu ya ugomvi wetu ni wa kuletewa. Bwana wetu alituelekeza kwamba aliyekosewa amwendee mwenzake, wawili faraghani, kabla ya kuita mashahidi. Basi mke aende mwenyewe. Mume anaweza kumsindikiza mpaka langoni, lakini asiende badala yake na fimbo.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya wanawake wawili waliotumikia Injili pamoja naye kisha wakakosana, Evodia na Sintike. Hatuambii walikosana kwa sababu gani, wala hasemi ni nani mwenye haki. Anawasihi wapatane, halafu anamgeukia mtu wa tatu na kumwomba awasaidie. Mimi huona kwamba katika jumuiya zetu mtu wa tatu wa kwanza kabisa ni mume au mke, kwa kuwa ndiye anayejua mwenzake ameumia wapi. Tukigeuka kuwa askari wa vita vya wenzetu, nani atabaki kuwapatanisha? Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipohimiza jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya 1970, waliliweka Kanisa katika nyumba zetu. Basi nyumba mbili zikifungiana milango, Kanisa la mtaa huo limepasuka, hata kama kwaya inaendelea kuimba vizuri.

Lakini nisieleweke vibaya. Kama mweka hazina ameiba kweli, au mtu amempiga mke wake, au amemgusa mtoto wa mwenzake, umoja hautaki tunyamaze. Mambo ya namna hiyo yapelekwe kwa paroko, na yaliyo ya sheria yapelekwe kwa polisi. Anayesema tuyafunike ili jumuiya isiaibike anatafuta utulivu, na utulivu wa namna hiyo umewaumiza wanyonge wengi.

Na ikiwa mwenzako bado hajawa tayari, usimvute mkono wakati wa kutakiana amani katika Misa, watu wakitazama. Mpe muda wake. Wewe mwenyewe ukikutana na watu wa nyumba ile njiani, wasalimie kwa jina, uulize hali ya watoto. Kisha ukifika nyumbani mwambie mwenzako kwamba umewasalimu, kabla hajaletewa habari hiyo na wengine.