Kifua Kikinyamaza, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, nimesikia unaficha dawa yako ya kuvuta ili wenzako wasijue una pumu. Nimesikia pia kwamba kifua kikikubana usiku, unajikunja kitandani ukingoja kiachie chenyewe. Njoo ukae hapa. Nimezika watu waliokuwa wakingoja.

Unadhani taabu ya pumu ni kuvuta pumzi. Taabu kubwa iko kwenye kuitoa. Mtu mzima wa afya, akiwa ametulia, hasukumi pumzi nje. Mapafu hujirudi yenyewe, hewa ikatoka, misuli ikapumzika. Njia za hewa zikibana, tumbo hulazimika kukaza na mbavu kusukuma. Hata hivyo, kabla ya hewa kwisha kutoka unavuta nyingine juu yake. Kifua kinajaa, na kiwambo, ule msuli mkuu wa pumzi, kinakuwa bapa na kupungukiwa nguvu.

Misuli hiyo ya pumzi nayo inakula oksijeni. Ukiwa umetulia, haichukui hata asilimia 5 ya ile inayotumiwa na mwili. Pumu ikikukaba, inadai mara nyingi zaidi, tena wakati damu yenyewe ina upungufu wa oksijeni. Na msuli uliokaza sana huibana mishipa yake ya damu, hushiba unapolegea. Ni kama kuli wa bandarini anayekunywa maji pale tu anapotua mzigo. Wewe, mwanangu, usiku kucha hujautua.

Mwanzoni kifua hulia filimbi. Kisha unashindwa kumaliza sentensi moja. Kisha filimbi inapotea, na walio karibu wanasema afadhali, amepata usingizi. Afadhali gani! Misuli imechoka, na hewa inayopita ni haba hata haiwezi kulia. Hewa chafu imebaki ndani ya damu, nayo ndiyo inayomlaza. Kifua kinacholia bado kinaomba. Kilichonyamaza kimeshaanza kuaga.

Nakusihi, usingoje. Kaa wima, vuta dawa kama ulivyoelekezwa kliniki. Isiposaidia, au maneno yakikukatika, au midomo ikigeuka rangi, mwamshe mama yako. Mwamshe jirani mwenye gari. Mwamshe yeyote, mwende hospitali usiku huohuo. Aibu ya saa tisa usiku haijachimba kaburi.

Sigara na shisha za hao rafiki zako, achana nazo. Moshi wake una kaboni monoksaidi, inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Na ile dawa ya kila siku, nakusihi tena, usiiache kwa kuwa unajisikia mzima. Ile ya haraka hulegeza njia zilizobana kwa saa chache tu. Hii ya kila siku ndiyo inayotuliza uvimbe uliomo ndani. Ikikaribia kwisha niambie mapema, nikakununulie nyingine.