Frankétienne na Suala la Machafuko

Je, machafuko ni adui wa uumbaji au ndiyo chimbuko lake? Swali hili ndilo msingi wa kazi zote za Frankétienne, mshairi, mwandishi wa tamthilia na mchoraji wa Haiti. Alizaliwa mwaka 1936 huko Ravine-Sèche, mama akiwa mkulima maskini na baba tajiri wa Kimarekani ambaye hakumlea. Alikulia Bel Air, mtaa wa walalahoi jijini Port-au-Prince.

Katika miaka ya 1960, yeye na wenzake René Philoctète na Jean-Claude Fignolé waliasisi falsafa ya uspirali. Kwa mujibu wake, maisha hayaendi kwa mstari ulionyooka, wala hayazunguki na kurudi palepale; hujisokota na kupanuka, kila mzunguko ukipita karibu na ule wa awali bila kuurudia. Kitabu cha Mwanzo kinaanza na dunia isiyo na umbo, ambayo Mungu anaitia mpango. Kwa Frankétienne, hali hiyo isiyo na umbo haikomi, na uhai unaendelea kuchipuka humo.

Pingamizi liko wazi: kwa watu walioishi chini ya udikteta wa akina Duvalier, kati ya 1957 na 1986, vurugu zilimaanisha hofu na njaa. Jibu lake limo katika Dézafi (1975), inayotajwa mara nyingi kuwa riwaya ya kwanza kuandikwa kwa Kikrioli cha Haiti. Sintil, kuhani wa Vodou, anamiliki misukule wanaolima mashamba yake kimyakimya. Hakuna anayegoma wala kuuliza. Ni utaratibu uliokamilika, na ni wa wafu. Katika imani za Haiti msukule haonjeshwi chumvi, kwa kuwa humzindua. Binti wa Sintil anampenda mmoja wao, Klodonis, na kumlisha chumvi. Naye anazinduka, anawazindua wenzake, nao wanaasi. Hoja ni nzito, ingawa riwaya haisemi sana ni mpango gani ufuate baada ya uasi.

Mwaka 2009 aliandika tamthilia ya watu wawili walionaswa katika magofu. Tetemeko la ardhi liliipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, na wapo waliomwita nabii. Sifa hiyo haihitajiki: aliyeiona nchi yake ikibomoka miaka yote hakuhitaji ufunuo ili kuandika juu ya magofu.

Waandishi wengi walikimbilia uhamishoni enzi za Duvalier, yeye alibaki. Alifariki tarehe 20 Februari 2025, akiwa na miaka 88, wakati magenge yenye silaha yakiwa yameshika sehemu kubwa ya Port-au-Prince.